Kazi ya Kutayarisha Maonyesho ya Makumbusho: Mfano wa Bukoba na Muleba

Neno makumbusho latokana na kitenzi kumbuka kilichotiwa umbo la kusababisha: kumbuka, kumbusha, makumbusho. Lugha nyingi za Ulaya zimepata neno lao kutoka Kiyunani, ambamo maana yake ya asili ilikuwa mahali pa miungu ya kike iliyosimamia ushairi, muziki na elimu. Kiswahili hakikulifuata neno hilo. Kilichagua kuitaja kazi itendwayo mahali penyewe, yaani kumkumbusha mtu jambo. Sasa hawezi kukumbusha asiyekumbuka, na katika mkoa wa Kagera sehemu kubwa ya maarifa ya vitu vya kale ingali katika vichwa vya wazee, wala haikuandikwa popote. Jambo hili, ambalo laonekana kuwa la wanahistoria peke yao, ndilo linaloamua namna msimamizi wa maonyesho atakavyopanga siku zake, fedha zake na watu wake.

Kazi ya kutayarisha maonyesho ina mwanzo na mwisho unaojulikana. Huanza siku watu wachache wakubalianapo kwamba jambo fulani lastahili kuonyeshwa, na humalizika siku milango ifunguliwapo; au, kwa usahihi zaidi, siku maonyesho hayo yatakapoondolewa na vitu kurudishwa kwa wenyewe. Kati ya siku hizo mbili hukutana watu ambao kwa kawaida hawafanyi kazi pamoja: mtafiti, mwenye vitu, mhifadhi ajuaye kuzuia wadudu na ukungu, seremala, mwashi, fundi wa umeme, mchoraji, mwandishi wa maelezo, mtunza fedha, mwalimu wa shule ya jirani. Kila mmoja ana haraka yake, na kila mmoja hudhani kwamba kazi yake ndiyo kiini. Msimamizi ndiye awafanyaye wote wafike mahali pamoja kwa wakati mmoja, na ustadi wake hauonekani na wageni ila pale ulipokosekana: kabati la kioo lisilofungika, maandishi yaliyotundikwa juu ya upeo wa macho ya mtoto, mundu ulioandikwa kuwa ni kisu.

Katika mji wa Bukoba yako Makumbusho ya Kagera, upande wa Nyamukazi karibu na uwanja wa ndege, ambamo vyombo vya jadi vya wenyeji vimewekwa pamoja na picha za wanyama wa mkoa. Lakini mfano unaofundisha zaidi umo nje ya mji, katika kijiji cha Katuruka, kilicho katika nchi ya zamani ya ufalme wa Kyamutwara. Simulizi za Wahaya zasema kwamba mfalme Rugomora Mahe, ambaye wanahistoria humweka katika karne ya 17, alikuwa na makao yake hapo, na kwamba mahali paitwapo Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma, alitaka kujengewa mnara wa chuma wa kufikia mbinguni. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, alizisikiliza simulizi hizo mwishoni mwa miaka ya 1960, akachimba pale alipoelekezwa na wazee. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma ambayo makaa yake, yalipopimwa, yalionyesha umri wa zaidi ya miaka 2,000, na mengine kuikaribia 2,500. Wataalamu wamebishana juu ya tarehe za mwanzo kabisa, na ubishi huo haujesha; walakini hapana abishaye tena kwamba magharibi ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali pa kale sana pa uyeyushaji wa chuma katika Afrika Mashariki.

Kilichofuata ndicho kinachomhusu zaidi msimamizi wa maonyesho. Katikati ya miaka ya 1970 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa madini, waliwaomba wazee wa Kihaya waliopata kuyeyusha chuma ujanani mwao waijenge tanuu upya na kuiwasha. Majembe ya dukani yaliyoletwa na wafanya biashara wa kigeni yalikuwa yamekwisha iua kazi hiyo miongo mingi nyuma. Wazee wakakumbuka kidogo kidogo, mmoja akimsahihisha mwenzake. Majaribio ya kwanza hayakufaulu vema, wakarudia. Shimo lilijazwa matete ya bwawani yaliyochomwa. Ukuta ukajengwa kwa udongo wa kichuguu na vipande vya mabaki ya tanuu za kale. Mivukuto ikapuliza hewa kwa mirija ya udongo iliyoingizwa ndani sana ya tanuu, hata hewa ikapata moto kabla ya kuyafikia makaa. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1978 katika jarida la Science, na mwaka 1988 ikatolewa filamu iitwayo The Tree of Iron. Kama jaribio hilo lingeahirishwa kwa miaka kumi na mitano, ili labda fedha zipatikane au jengo zuri lijengwe kwanza, yamkini asingalipatikana mtu wa kuijenga tanuu.

Maana baada ya hapo lilikuja jambo lisilotazamiwa na mpangaji yeyote. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa katika Tanzania walionekana mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, wilaya ya Muleba. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 ulikuta kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi vya ugonjwa huo. Waliofariki zaidi hawakuwa wazee sana. Walikuwa watu wa umri wa kati, yaani wale wale ambao kwa desturi hupokea maneno kutoka kwa wazee na kuyakabidhi kwa watoto. Mnyororo ulikatika katikati. Mwaka 2008 watu wa Katuruka wenyewe ndio walioomba msaada wa kuuhifadhi urithi wa kijiji chao, na utafiti ukafanywa nao, wanakijiji wakienda nyumba kwa nyumba kuwahoji wenzao na kurekodi sauti zao. Walichogundua mapema ni kwamba waliojua mambo ya Kaiija kwa ukamilifu walikuwa wamebaki wachache mno; na walipogeuka kuwasikiliza wanawake, ambao watafiti wa kale hawakuwauliza sana, walipata mambo ya ibada na ya utawala yasiyokuwa yameandikwa.

Katika elimu ya uongozi wa kazi iko njia moja ya kupanga iliyobuniwa mwaka 1957 na wataalamu wa kampuni ya Du Pont pamoja na wenzao wa Remington Rand huko Marekani, kwa ajili ya ujenzi na matengenezo ya viwanda. Huandikwa kila kazi, muda wake, na kazi inayopaswa kuitangulia; kisha hutafutwa ule mfululizo wa kazi usioachia nafasi, ambao mojawapo ikichelewa siku moja, ufunguzi nao huchelewa siku moja. Kazi zilizo nje ya mfululizo huo zaweza kusogezwa bila madhara. Njia hii yafaa sana kwa makumbusho, na haihitaji mashine yoyote. Karatasi kubwa na kalamu ya risasi vyatosha. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba kazi iliyochelewa itafanywa baadaye. Huko kiwandani dhana hiyo ni kweli. Katika Bukoba na Muleba ziko kazi ambazo zikichelewa hazichelewi tu, hazifanyiki kabisa. Kwa hiyo mpangaji hana budi kuongeza alama nyingine katika karatasi yake, ya kazi zisizorudiwa, na kuziweka mbele hata kama mfululizo hauzidai bado.

Ichukuliwe mfano wa chumba kimoja kitakachoonyesha kazi ya chuma katika nchi ya Wahaya. Mfadhili, halmashauri au mbunge atapenda kuanza na jengo, kwa kuwa jengo laonekana na laweza kufunguliwa kwa utepe. Seremala atataka vipimo vya makabati. Mchoraji atauliza rangi. Yote hayo yaweza kungoja mwaka mzima. Kisichongoja ni mazungumzo na mzee wa Kamachumu ambaye babu yake alikuwa mhunzi, na jina alipewalo kila kifaa, na mahali kilipotumika, na nani aliruhusiwa kukigusa. Kazi hii yataka gari, mafuta, kinasa sauti, zawadi ndogo ya heshima kwa mwenyeji na subira nyingi. Ikilinganishwa na saruji ni kazi ya gharama ndogo, na kwa sababu hiyo hiyo husahauliwa katika makadirio. Msimamizi mwenye busara huiandika mstari wa kwanza wa bajeti, nayo huitenga isichukuliwe na mstari mwingine saruji ipandapo bei.

Pamoja na hayo, mazungumzo yasiyo na shabaha huleta kanda nyingi zisizosikilizwa. Kabla ya kumwendea mzee wa kwanza, kundi lazima liandike kwa sentensi moja jambo ambalo mgeni atatoka nalo chumbani. “Maonyesho juu ya chuma” si sentensi, ni anwani. “Wahaya waliyeyusha chuma kwa njia yao wenyewe, na ufalme ulisimama juu ya kazi hiyo” ni sentensi, tena yaweza kupingwa, na kwa hiyo yafaa. Kila kitu kitakachopendekezwa baadaye chaulizwa: chasema nini juu ya sentensi hii? Ngao nzuri ya ngozi, iliyopendwa na wote, yaweza kukataliwa kwa swali hilo. Kukataa kitu kizuri ni kazi ngumu kuliko zote za msimamizi, hasa ikiwa kitu chenyewe ni cha jamaa ya mjumbe wa kamati.

Sasa yafaa kukaa kidogo juu ya maneno, kwa kuwa hapo ndipo maonyesho mengi ya mikoani hupwaya, na ndipo mwanalugha awezapo kusaidia.

La kwanza ni daftari la kupokelea vitu. Kila kitu kiingiacho hupewa namba, na jina lake huandikwa kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Majina ya Kihaya huanza kwa irabu ya mwanzo: omukama, ekibanja, orubugo. Karani akiyapanga kwa alfabeti jinsi yatamkwavyo, karibu daftari lote litaangukia katika herufi A, E na O, na hapana atakayeona kitu. Yafaa basi kupanga kwa shina, na irabu pamoja na kiambishi kuandikwa baada yake. Tena herufi l na r hubadilishana katika maandishi ya watu wa Kagera, kama ionekanavyo katika majina ya watu yaandikwayo mara kwa Lw- mara kwa Rw-. Kitu kimoja chaweza kuandikishwa mara mbili kama vitu viwili, mmoja akakiandika lubugo na mwingine rubugo. Uamuzi mmoja, ukifanywa siku ya kwanza na kubandikwa ukutani, huokoa kazi ya miezi. Na kwa kuwa Kihaya ni lugha ya toni, ambayo tahajia ya kawaida haiionyeshi, jina lililoandikwa bila kurekodiwa sauti ni nusu ya jina.

La pili ni lahaja. Kihaya cha Kiziba si kile cha Ihangiro, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya wilaya ya Muleba ya leo, na watu wa visiwani wana namna yao. Kitu kilichopatikana Muleba kikipewa kwenye kibandiko jina la Kiziba, kwa sababu mwandishi alitoka huko au kwa sababu kitabu cha Hermann Rehse juu ya Kiziba kilichotolewa Stuttgart mwaka 1910, au historia ya F. X. Lwamgira ya mwaka 1949, ndivyo vilivyokuwa mezani, mgeni kutoka Muleba ataona kwamba makumbusho hayo si yake. Desturi nzuri ni kuandika jina alilolisema mwenye kitu, na mahali lilikosemwa. Majina mengine huwekwa katika daftari.

La tatu ni Kiswahili chenyewe. Kwa mtu wa pwani mhunzi ni mtu afuaye chuma kilichokwisha patikana, na kitenzi kufua, ambacho pia ni cha nguo, kina maana ya kupiga. Wahaya nao wana neno lao la mhunzi, omuhesi. Lakini mwenye kuyeyusha mawe hata yakatoa chuma ni mtu mwingine, au angalau ni kazi nyingine, yenye miiko yake na siku zake. Kiswahili cha kawaida hakina jina moja lililozoeleka la mtu huyo. Mwandishi wa kibandiko akiandika “mhunzi” juu ya picha ya tanuu, amewaficha wageni jambo lile lile ambalo chumba kizima chataka kulionyesha. Yamlazimu aseme kwa maneno mawili au matatu: “wayeyushaji wa chuma.” Vivyo hivyo takataka nyeusi zilizobaki baada ya kuyeyusha zina jina la Kiswahili la zamani, mavi ya chuma, ambalo wengine huona haya kuliandika mbele ya wanafunzi. Ni neno sahihi na lenye nguvu, na watoto hawatalisahau.

Urefu wa kibandiko wahitaji ukali. Mgeni husoma akiwa amesimama, mara nyingi amebeba mtoto. Maneno 50 kwa kitu kimoja yatosha, na 75 ni mengi. Ulinganishwe mfano huu. Mtafiti ataandika: “Mrija wa udongo uliotumika katika teknolojia ya jadi ya uyeyushaji wa chuma.” Maneno yote ni kweli, na mgeni hakuona kitu. Mwandishi aliyekitazama kitu chenyewe ataandika: “Hewa ya mivukuto ilipita humu kuingia motoni. Itazame ncha: udongo umegeuka kama kioo kwa ukali wa moto.” Msimamizi hutenga muda wa kuandika vibandiko mara tatu: mara ya kwanza mtafiti, mara ya pili mwandishi, na mara ya tatu baada ya kuvijaribu. Jaribio lenyewe ni rahisi. Maandishi huchapishwa kwa karatasi ya kawaida, hutundikwa ukutani, nao wanafunzi wa darasa la sita pamoja na wazee wawili huitwa wasome na waeleze walichoelewa bila kutazama tena. Maneno yaliyowakwaza huonekana mara moja. Kurekebisha karatasi hakugharimu kitu. Kurekebisha bamba lililokwisha chapwa hugharimu fedha ambayo kwa wakati huo haipo tena.

Si kila jambo lafaa kuandikwa. Nanga, chombo cha nyuzi ambacho kwacho Wahaya huimba tendi zao, kikiwekwa kimya ndani ya kioo ni kipande cha mti. M. M. Mulokozi, ambaye wasomaji wa Kiswahili wamjua kwa kazi zake nyingine nyingi, alizitafiti tendi hizo katika miaka ya 1980, na utafiti wake waonyesha jinsi mwimbaji, chombo na wasikilizaji walivyo kitu kimoja. Makumbusho ya Uganda, yaliyohamia jengo lake la Kitante mjini Kampala mwaka 1954, yalipata sifa kwa kuwa ala zake zilipigwa mbele ya wageni. Kwa mpangaji, maana yake ni kwamba mpigaji nanga huwekwa katika ratiba na katika bajeti kama fundi mwingine yeyote, wala haitwi siku ya ufunguzi kama pambo.

Juu ya ruhusa, sheria na desturi huenda pamoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yahifadhi vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863, na hapana aruhusiwaye kuchimba bila kibali. Kibali huchukua muda. Kazi ya kukiomba huanza mapema, wala haingojei wachimbaji wafike. Lakini vitu vingi vya Wahaya ni vya baada ya mwaka huo, na hapo sheria hainenei sana. Desturi ndiyo inenayo. Utawala wa wafalme wa jadi ulipofutwa mwaka 1963, ngoma, mikuki na viti vya enzi vilibaki kwa jamaa mbalimbali, na haki ya kuvitunza si lazima iwe haki ya kuvitoa. Mjukuu aweza kuazimisha kwa moyo mweupe mkuki ambao shangazi zake hawajaafiki utoke. Hati ya kuazima basi yataka majina ya wote wenye sauti juu ya kitu, muda wa kuazima, hali ya kitu siku kilipopokelewa pamoja na picha zake, na siku ya kukirudisha. Hati isomwe kwa sauti kwa Kihaya kabla ya kutiwa sahihi. Ziko kazi za maonyesho ambazo zimefarakanisha koo kwa sababu ya kuruka hatua hii, na makumbusho hayo yakapoteza vitu pamoja na marafiki.

Hali ya nchi nayo ina sauti katika ratiba. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi katika miezi ya Machi hadi Mei, na nyingine kuanzia Oktoba hadi Desemba. Nyumba ya msonge, ambayo Wahaya huiita omushonge, huezekwa kwa nyasi kutoka juu mpaka chini. Nyasi hizo hukatwa na kukaushwa wakati wa kiangazi, kuanzia Juni. Mradi ulioidhinishiwa fedha mwezi wa Septemba hauna nyasi mpaka mwaka ufuatao, hata mfadhili akinuna. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967 na ambacho kina nyumba ya Wahaya miongoni mwa nyumba za makabila mengine, kimefundisha kwamba nyumba ya miti na nyasi haijengwi mara moja. Hujengwa tena na tena, na asiyetenga fedha za kuiezeka upya amejenga gofu. Ndani ya chumba, unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu huotesha ukungu katika ngozi, magome na majani. Orubugo, nguo ya gome la mtoma, haivumilii jua la dirishani wala ukuta wenye maji. Mchwa hawangoji ufunguzi.

Tena iko hatari isiyo na msimu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye kipimo cha 5.9 liliipiga Bukoba, likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi za matofali. Tangu hapo hapana udhuru kwa kabati refu la kioo lisilofungwa ukutani, wala kwa chungu kilichowekwa ukingoni mwa rafu. Kigingi kidogo, uzi usioonekana, mchanga ndani ya chungu ili kiwe kizito chini: hizi ni gharama ndogo mno. Na orodha ya vitu, pamoja na picha zake, isikae katika jengo lile lile lenye vitu. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililopata kuwa makumbusho, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati likikarabatiwa. Ukarabati wenyewe ni wakati wa hatari kubwa, na vitu huondolewa kwanza.

Fedha hazihitaji maneno mengi. Sehemu moja ya kumi huwekwa kando kwa mambo yasiyotazamiwa. Mafundi hulipwa kwa hatua zilizokamilika. Hesabu husomwa mbele ya kamati kila mwezi, kwa kuwa kijijini minong’ono juu ya fedha huua kazi kabla ya mchwa. Ni afadhali chumba kimoja kilichokamilika kuliko vitatu vilivyoezekwa bila milango. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Mwanza, ambayo Padre David Clement aliyaanzisha, yalikua kidogo kidogo, na hilo halikuwa kosa.

Kamati yenyewe ina tatizo lake. Ikiwa ya wataalamu watupu, wazee huitwa kuthibitisha yaliyokwisha amuliwa. Ikiwa ya wazee watupu wanaume, nusu ya maarifa hubaki jikoni, kama Katuruka ilivyoonyesha. Kahawa ya kutafuna, akamwani, impokeleayo mgeni nyumbani, hutayarishwa na wanawake, lakini maelezo yake katika maonyesho mara nyingi huandikwa na mtu asiyepata kuichemsha. Msimamizi aweka katika kanuni za kazi kwamba kila kibandiko kitasomwa na mtu aliyekitumia kitu hicho kwa mikono yake, ikiwa yungali hai, na kwamba neno lake juu ya jina na matumizi ndilo la mwisho. Juu ya tarehe, neno la mwisho ni la mtafiti. Mpaka huu ukiwekwa mapema, mabishano hupungua sana. Usipowekwa, mzee na mtafiti watapatana hadharani kwa adabu, kisha kila mmoja aende zake na la kwake.

Na baada ya ufunguzi? Kundi hutawanyika, mfadhili hupata ripoti yake, na mara nyingi hapana aliyeandikwa kuwa mwenye kazi inayobaki. Hilo nalo ni kosa la upangaji, kwa kuwa kazi iliyobaki ilijulikana tangu mwanzo: kupima unyevu kila juma, kukagua mchwa kila mwezi, kurudisha vilivyoazimwa, kuezeka. Yafaa pia liwepo mlangoni daftari la masahihisho, ambamo mgeni yeyote, kwa Kihaya au kwa Kiswahili, aweza kuandika kwamba kitu fulani kwao Muleba huitwa vingine, au kwamba picha fulani si ya mahali palipotajwa. Mara mbili kwa mwaka kamati hulisoma, ikaenda kumwona aliyeandika, na kibandiko kikabadilishwa. Kanda za sauti nazo hutolewa nakala tatu: moja hubaki makumbusho, ya pili hupelekwa mahali pengine penye usalama mbali na Bukoba, na ya tatu hupewa jamaa ya mzee aliyesema.